Mkono Tusioutazamia: Kujifunza Kushukuru Tunapouguliwa



Mpendwa msomaji, Kiswahili chetu kina neno linaloeleza hali ambayo karibu kila familia imeipitia: kuuguliwa. Mgonjwa anaugua, na wale wanaobaki wakihangaika na chupa ya uji, nauli ya basi na simu za usiku ndio walioguswa na ugonjwa huo kwa namna yao. Wameuguliwa. Mahubiri mengi yanatufundisha jinsi ya kumhudumia mgonjwa. Ni machache yanayotufundisha jinsi ya kupokea msaada tunapouguliwa, hasa msaada unaotoka kwa mtu ambaye hatukumtazamia, au hata hatukutaka utoke kwake.

Katika makala hii tunataka kueleza fadhila ya shukrani kama Maandiko Matakatifu na mapokeo ya Kanisa yanavyotufundisha. Tutaanza na yaliyotupata sisi wenyewe, kwa sababu tuliyaelewa mafundisho hayo baada ya kukosea.

Yaliyotupata

Sisi ni watoto watatu wa mama mmoja mjane. Mmoja wetu ni frateri, wawili tunafanya kazi mbali na nyumbani. Ijumaa moja ya Kwaresima, Mama alikuwa akirudi kutoka Njia ya Msalaba kwa bodaboda. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, barabara ina utelezi, pikipiki ikaanguka na Mama akavunjika mfupa wa paja. Dereva naye aliumia. Kijana mwingine aliyekuwa akipita, ambaye hadi leo hatulijui jina lake, aliacha abiria wake, akatafuta bajaji, akamshikilia Mama mpaka hospitali. Tulipofika usiku ule, yeye alikwisha kwenda. Aliacha kwa nesi mkoba wa Mama, rozari yake na pesa zake zote.

Mama alilazwa wiki sita, mguu ukiwa umefungwa uzito wa kuuvuta ili mfupa ushike mahali pake. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuamka, hawezi kujigeuza vizuri, na kila haja yake inahitaji mkono wa mtu. Tulipeana zamu, lakini zamu zilikuwa na mapengo. Katika mapengo hayo aliingia mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akimuuguza mwanawe kwenye wodi ya jirani. Mwaka ule Kwaresima ilikutana na mwezi wa Ramadhani. Alikuwa amefunga, lakini kila asubuhi alikuja na uji, akamwinua Mama kichwa na kumnywesha polepole, naye mwenyewe hataonja kitu mpaka jua lizame. Tulipomwuliza kwa nini anajitesa, alijibu kwamba wanawe naye wako mbali, na angependa mtu amfanyie hivyo siku ikimfika.

Mkono wa tatu ndio uliotusumbua. Shamba la Mama linapakana na la mzee mmoja ambaye marehemu baba aligombana naye juu ya mpaka. Ni ukanda wa hatua chache tu, wenye migomba. Kesi ilifika baraza la kata, ikarudi, ikalala. Kwa miaka saba nyumba hizi mbili hazikusalimiana, ingawa ni za Jumuiya moja. Ibada ikiwa kwetu, wao hawaji. Ikiwa kwao, sisi tuna udhuru.

Siku ya kumi baada ya ajali, mmoja wetu alikwenda nyumbani akijua atakuta magugu yamemeza mahindi na ng'ombe amedhoofika. Alikuta palizi imekamilika hadi mstari wa mwisho. Ng'ombe amekatiwa majani, kuku wamefungiwa banda. Mtoto wa jirani akamweleza: ni yule mzee na wanawe, tangu siku ya pili.

Fadhila: neno moja, maana mbili

Kabla ya kueleza tulichofanya, tulitazame neno fadhila. Mitaani, fadhila ni wema anaokutendea mtu bila kulazimika: kukulipia nauli, kukupisha kwenye foleni, kukulelea mtoto. Darasani seminarini, fadhila ni tabia njema iliyokita mizizi ndani ya mtu: imani, matumaini na mapendo, busara, haki, nguvu na kiasi. Lugha yetu imeziweka maana hizo mbili katika neno moja, na haikukosea. Wema uliotendwa na mtu unaonyesha kilichomo ndani yake, na mtu aliyetendewa wema anadaiwa fadhila nyingine imjibu, yaani shukrani.

Wazee wetu walilijua hilo. Walimwonya asiye na shukrani kwa kusema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Walimtia moyo mtenda wema kwa kusema kwamba wema hauozi. Na walimwambia atende wema aende zake, asingoje shukrani. Lakini tuangalie: methali hiyo ya mwisho inamhusu aliyetenda. Haimpi ruhusa aliyetendewa kukaa kimya.

Wasamaria wawili wa Mwinjili Luka

Mwinjili Luka peke yake ndiye anayetusimulia habari mbili za Wasamaria zinazofaa kusomwa pamoja. Ya kwanza ni mfano wa Msamaria mwema (Lk 10:25–37). Barabara ya kutoka Yerusalemu hadi Yeriko inashuka karibu mita 1,000 ikipita nyikani, mahali panapowafaa wanyang'anyi. Kwa kawaida tunausoma mfano huu tukijiweka mahali pa kuhani, pa Mlawi au pa Msamaria. Hebu tujiweke mahali pa yule aliyelala chini. Yeye hakuchagua nani amwokoe. Wenzake wa imani walipita kando. Aliyeinama juu ya vidonda vyake ni mtu wa watu ambao Wayahudi hawakuchangamana nao (Yn 4:9). Alipandishwa juu ya mnyama wa Msamaria, akalala nyumba ya wageni kwa pesa za Msamaria: dinari mbili, nayo dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (Mt 20:2).

Luka hasemi kama majeruhi yule alishukuru. Alipopata nguvu za kuuliza, huenda mfadhili wake alikuwa amekwisha kuondoka, kama kijana wetu wa bodaboda. Mfano unabaki wazi, na ni kama kwamba swali limeachiwa sisi: ungefanya nini na wema wa mtu uliyefundishwa kumchukia?

Sura saba mbele tunapata habari ya pili (Lk 17:11–19). Wakoma kumi wanatakaswa, mmoja anarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu na kuanguka miguuni pa Yesu akimshukuru. Naye ni Msamaria. Neno ambalo Luka analitumia hapo kwa Kigiriki kueleza kushukuru ni lile lile lililotupatia jina Ekaristi. Wale tisa hawakufanya ubaya wowote. Walitii: walikwenda kujionyesha kwa makuhani kama walivyoagizwa. Walipata afya. Mmoja alipata zaidi, kwa kuwa alirudi kwa yule aliyemponya, akasikia kutoka kinywani mwake kwamba imani yake imemwokoa. Tofauti iko hapo: mtu anaweza kuondoka na zawadi akamwacha mtoaji.

Bahasha iliyorudi

Tukirudi kwetu: tulipopata habari za palizi, jambo la kwanza lililotujia halikuwa shukrani. Ilikuwa hofu. Tuliulizana kwa simu, "Anataka nini huyu?" Mmoja wetu alidhani mzee anajijengea hoja ili siku ya kesi aseme kwamba shamba lile analilima yeye. Basi tukakaa, tukapiga hesabu: vibarua wangapi kwa palizi, siku ngapi za kukata majani, kwa bei ya kijijini. Tukaongeza kidogo juu ili asiwe na la kusema. Tukatia pesa kwenye bahasha, tukampelekea kwa mkono wa mtoto.

Bahasha ilirudi jioni ile ile, haijafunguliwa. Mtoto alileta na maneno: "Babu anasema nyumba yenu haijamwajiri."

Tulimsimulia Mama wodini, tukitegemea atakuwa upande wetu, kwa maana ugomvi ule ulimwumiza yeye kuliko sisi. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wanangu, mmemlipa ili msimwone tena."

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatueleza

Frateri wetu aliporudi seminarini alikwenda maktaba na swali hilo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, aliandika maswali mawili mfululizo juu ya shukrani na utovu wa shukrani katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 106 na la 107. Tuyaeleze kwa ufupi.

Kwanza, Thoma anasema shukrani ina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kutambua kwamba umetendewa wema. Ya pili ni kuusema, yaani kutoa shukrani kwa maneno. Ya tatu ni kurudisha wema kwa kadiri ya uwezo wako, mahali na wakati unaofaa. Utovu wa shukrani unazishuka ngazi hizo hizo. Asiyerudisha amekosa, asiyesema amekosa zaidi, na aliye chini kabisa ni yule asiyetambua, iwe kwa kusahau au kwa namna nyingine. Sisi tuliruka ngazi mbili tukakimbilia ya tatu. Hatukutambua kwamba ule ulikuwa wema. Hatukusema asante. Tulituma pesa.

Pili, Thoma anauliza kama ni lazima mtu arudishe wema papo hapo. Anajibu kwa kutofautisha: moyo ujibu papo hapo, lakini zawadi ingoje wakati wake. Akimfuata mwanafalsafa Seneca, anaonya kwamba anayefanya haraka mno kulipa ana moyo wa mdaiwa asiyependa kudaiwa, na huyo hashukuru. Tulipoyasoma hayo tuliiona bahasha yetu.

Tatu, Thoma anasema kipimo cha kurudisha ni moyo wa aliyetoa kuliko ukubwa wa alichotoa. Hesabu yetu ya vibarua ilikuwa sahihi kwa kazi ya jembe. Haikuwa na safu ya kuandika kwamba mtu amevuka mpaka wa miaka saba kwa miguu yake mwenyewe, asubuhi, huku majirani wakimwona.

Nne, na hili ni faraja kwa maskini: hakuna anayekosa shukrani kwa sababu hana kitu. Mwenye nia ya kurudisha amekwisha kushukuru. Kwa mama yule Mwislamu hatukuwa na la kumpa ambalo lingelingana na uji wa mtu aliyefunga. Siku mwanawe aliporuhusiwa, Mama alimshika mikono akamwombea kwa Mungu, naye akaitikia amina. Hilo lilitosha siku ile.

Mtakatifu Inyasi alichukuliwa na maadui

Historia ya Kanisa inatupatia mgonjwa mwingine aliyesaidiwa na mikono asiyoitazamia. Tarehe 20 Mei 1521, katika ngome ya Pamplona nchini Hispania, tufe la mzinga lilimvunja mguu mmoja na kuujeruhi mwingine askari mmoja Mbaski, ndiye Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Ngome ikatekwa na Wafaransa. Katika masimulizi ya maisha yake aliyompa Padre Luis Gonçalves da Câmara, Inyasi anakiri kwamba washindi hao walimtendea vizuri na kwa adabu. Walimhudumia siku kama 12 au 15, kisha akachukuliwa kwa machela hadi kwao Loyola.

Huko mfupa ulionekana kuwa umeungwa vibaya, ikabidi uvunjwe upya, bila ganzi kama tunayoijua leo. Alidhoofika hata mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, waganga wakasema asipopata nafuu kufikia usiku wa manane, ahesabiwe amekufa. Alipata nafuu usiku ule. Katika miezi ya kulala aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Nyumbani hapakuwa navyo, akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Tunajua vitabu hivyo vilimfikisha wapi.

Inafaa tukumbuke kwamba mtu huyu, ambaye uzima wake ulipita kwanza mikononi mwa adui aliyempiga, baadaye aliweka shukrani mwanzoni kabisa mwa zoezi la kutafiti dhamiri. Katika Mazoezi ya Kiroho (namba 43), hatua ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea. Dhambi zinafuata baadaye. Na katika barua ya tarehe 18 Machi 1542 kwa Padre Simão Rodrigues, aliuhesabu utovu wa shukrani kuwa miongoni mwa dhambi za kuchukiza mno, chanzo cha maovu yote, kwa kuwa ni kusahau mema tuliyopewa.

Tushukuruje basi?

Kutokana na hayo, tunaona mambo manne yanayoweza kumsaidia mwamini anayeuguliwa, na pia frateri anayejiandaa kuwa mchungaji.

Tutambue. Kila jioni ya kuuguza, kabla ya kulala, tutaje majina ya waliotusaidia siku ile. Tusiyemjua jina tumtaje kwa alichofanya: "yule kijana wa bajaji", "yule nesi wa zamu ya usiku aliyeleta shuka". Uchovu wa hospitali unasahaulisha haraka.

Tuseme, na tuseme kwa wakati. Maneno machache ana kwa ana yana uzito kuliko ujumbe mrefu wa simu. Kama mfadhili amekwenda na hatutampata tena, njia ya kumfikia bado ipo: tumwombee, tumtolee nia ya Misa. Kijana wetu asiye na jina ametajwa katika nia za Misa parokiani kwetu kama "mfadhili wa njiani".

Tusichanganye shukrani na biashara, wala na kesi. Wema wa jirani haufuti swali la haki, na swali la haki halifuti wema wake. Mtu anaweza kushukuru kwa moyo wote na bado akataka mpaka upimwe. Vilevile hatulazimiki kuuita uovu wema. Mtume Paulo anatuhimiza kushukuru katika kila hali (1 Thes 5:18), na Katekisimu inafundisha kwamba kila tukio na kila hitaji linaweza kuwa toleo la shukrani (namba 2638). Hatukuwahi kumshukuru Mungu kwa sababu Mama alivunjika. Tulimshukuru kwa walioletwa na siku zile.

Tukubali kupokea. Hili linatuhusu hasa mafrateri. Tunakwenda wodini kila wiki tukijiona watoaji: tunasali, tunafariji, tunarudi. Lakini padre ataishi kwa kupokea. Waamini watamletea ndizi, kuku, mafuta ya pikipiki, sadaka za wajane. Anayepokea kama mtu anayekusanya haki yake amekwisha kuanza kupoteza wito wake. Na anayekataa kupokea kwa kiburi, akitaka asidaiwe na mtu, naye amejifungia mlango. Ule uji wa asubuhi Mama aliunywa. Kuunywa tu kulikuwa ni heshima kwa aliyeupika.

Mwisho: kiti karibu na mlango

Mama aliruhusiwa mwezi Mei, akitembea kwa magongo. Wiki ile ile Jumuiya ilikuja kusali nyumbani. Mzee alikuja, akaketi karibu na mlango kama mtu anayetaka njia ya kuondokea. Baada ya sala Mama aliomba asaidiwe kusimama. Akamwamkia, akamtaja kwa jina mbele ya wote, akasema kazi yote aliyoifanya: mahindi, ng'ombe, kuku. Kisha akasema, "Na wanangu walikukosea kwa ile bahasha. Walikuwa na hofu. Uwasamehe." Sisi watatu tulisimama tukasema asante, tukiwa na aibu. Mzee aliitikia kwa kichwa tu. Lakini chai aliinywa, na ilikuwa chai ya kwanza kunywewa na mtu wa nyumba ile kwetu tangu baba akiwa hai.

Mwaka uliofuata mzee aliuguliwa na mkewe. Safari hii hakuna aliyepiga hesabu. Mama, kwa mkongojo wake, alivuka migomba ile kila asubuhi kufungulia kuku na kuwasha moto. Thoma angesema wakati unaofaa ulikuwa umefika. Mpaka bado haujapimwa. Siku utakapopimwa, tunatumaini watakaokwenda kushika kamba ni watu wanaosalimiana.

Kila Misa padre anatualika tumshukuru Bwana, nasi tunakiri kwamba ni vema na haki. Jina Ekaristi lenyewe maana yake ni shukrani (Katekisimu, namba 1328). Tunaikaribia altare tukiwa na mikono mitupu, tunapokea tusichoweza kulipa, kutoka kwa Yule aliyetuendea tungali mbali naye. Hapo hakuna bahasha inayofaa. Tunapokea, tunasema amina, halafu tunatoka kwenda kuwaona jirani zetu.

Kwa tafakari yako na ya Jumuiya yako: ni nani aliyewasaidia mlipouguliwa, na bado hamjamwambia asante? Je, yuko ambaye mlimlipa ili msimwone tena?